Siku Tuliyofungua Mbuzi Wote

Nesi wa zamu alinitazama kichwa kabla hajanitazama tumbo.

"Dada, umetoka kugombana na nyani huko njiani, au?"

Hapa Mikumi utani wa nyani hauishi, maana tunaishi nao kama majirani wasiopiga hodi. Na kweli nilistahili kutaniwa. Nusu ya kichwa changu ilikuwa na mistari mizuri niliyosukwa juzi yake, nusu nyingine nywele zimesimama kama majani yaliyolaliwa na ng'ombe. Uchungu uliponianza asubuhi ile, mama yangu hakukimbilia kutafuta bajaji. Alinikalisha kwenye mkeka, akaniweka katikati ya magoti yake, akaanza kunifumua. Nikamwambia, mama, tutachelewa. Akasema nyamaza, wewe na mimi nani kazaa mara nyingi? Bajaji ilipokuja tuliingia na kitana chetu, na kazi ikaendelea mpaka kwenye geti la hospitali.

"Shikamoo mama," nesi akamsalimia. "Ni wewe umemfanya mwenzetu hivi?"

"Marahaba mwanangu. Ndiyo mimi. Haya ni mambo yetu ya Kisanga. Sisi ya kwetu tumeshamaliza, haya fanya na wewe ya kwako."

Nesi akacheka huku anavaa glovu. Na mimi, uchungu umenibana hata jina langu nimelisahau, nikamkumbuka bibi, nikawakumbuka mbuzi, nikaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Yule nesi alidhani nimechanganyikiwa. Sikuweza kumweleza wakati ule. Ngoja nikueleze wewe, rafiki yangu, maana wewe una nafasi ya kukaa.

Kuna neno moja tunalisema kila siku na hatulitazami. Tunasema fulani kajifungua. Jiulize, kajifungua nini? Mimi nimeishia darasa la saba na kidogo ya sekondari, sijasomea lugha, lakini neno hilo nililielewa mapema kuliko watoto wengi, kwa sababu nililifanyia kazi kwa mikono yangu. Bibi yangu mzaa baba alikuwa mkunga. Siyo mkunga wa cheti; mkunga wa kuitwa. Mtu anakuja mbio, anasimama uani, anasema "Mama, kumekucha kwetu," na bibi anajua, anachukua kikapu chake anaondoka. Na kwa bibi, mwanamke akiwa na uchungu, nyumba nzima inajifungua pamoja naye. Kila kilichofungwa kinafunguliwa. Mlango, dirisha, kifuniko cha chungu, mzigo wa kuni, nywele za kichwani. Aliamini mtoto huko aliko anachungulia kwanza, na akiona kitu kimefungwa anasita, anasema labda hawajawa tayari kunipokea.

Nyumba yetu kule Kisanga ilikuwa ya matofali ya kuchoma mbele na ya udongo nyuma, kwa sababu baba aliishiwa matofali katikati. Bibi alikaa nyuma, kwenye udongo, na mimi nililala kwake. Chumba chake kilinukia moshi, mafuta ya ufuta na majani makavu yaliyoning'inia kwenye pao. Mafuta ya ufuta ndiyo aliyokandia matumbo ya wajawazito. Waliingia pale jioni jioni, wanatembea kama mabata, wanalala kwenye kitanda cha kamba, na bibi anapitisha viganja vyake taratibu, macho yameangalia ukutani, kama mtu anayetafuta kitu gizani. Kisha anasema, "Kichwa kiko huku. Anasinzia huyu, mvivu kama baba yake." Wanawake wanacheka, tumbo linatikisika, bibi anawakemea wasimwamshe mtoto.

Tulipokuwa tunapukuchua mahindi au tunamenya mbaazi, nilimuuliza maswali mpaka anachoka. Zamani, bibi, kabla ya zahanati, watu walizaaje? Alinijibu kama vile namuuliza watu walikulaje.

"Walizaa. Wewe ukisikia njaa unaulizia hospitali?"

Lakini akishatia ukali huo alilainika, akasimulia. Alinisimulia jinsi yeye mwenyewe alivyomzaa baba yangu wakati wa palizi, jembe lipo pembeni, mama mkwe wake amemkinga kwa kanga mbili. Mwanamke hakulala chali, alisema, hayo ya kulala chali kayakuta uzeeni. Alipiga magoti au alichuchumaa, ameshika nguzo ya nyumba kwa mikono miwili, na nyuma yake mwanamke mwingine mwenye nguvu amemkumbatia kiunoni, amempa mapaja yake awe kiti. Kitovu kilikatwa kwa mwanzi uliochongwa ukawa mkali, baadaye wembe ulipokuja wakashukuru wembe. Kondo la nyuma lilizikwa kwa heshima nyuma ya nyumba, na wanaume wote siku hiyo walikuwa wageni, hata mwenye nyumba. Mzazi alipewa uji wa ulezi wenye pilipili manga, wa moto kiasi cha kutoa jasho puani, na hakutoka nje mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Wenzake walimchotea maji, walimpalilia, walimfulia. Bibi akifika hapo husema, "Tulikuwa hatuna dawa, mjukuu wangu, lakini tulikuwa tupo." Mpaka leo sijapata maneno ya kuyazidi hayo.

Siku moja nikamuuliza, na wale ambao mtoto hakutoka je? Au alitoka, mama akaharibika? Mikono yake ikasimama juu ya mbaazi.

"Wale tuliwazika," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, akanieleza habari za mdogo wake wa kike, wa tumbo moja naye. Mtoto alizaliwa vizuri, analia kwa nguvu, watu wanapiga vigelegele. Lakini damu ya mama haikusimama. "Mikono hii ilikuwa juu yake. Mikono hii hii. Nilikuwa najua kumfungua mtu. Kumfunga sikujua." Akaendelea kumenya. Ndiyo maana bibi yangu, tofauti na unavyoweza kudhani, aliipenda zahanati kuliko mtu yeyote pale kijijini. Aliwasindikiza wanawake mwenyewe, akiwakaripia njiani watembee. Nyumbani walizaa wale tu ambao mtoto aliwawahi, na wale ambao masika iliwafungia njia.

Na masika ya mwaka ule, nikiwa mdogo lakini wa kutumwa, ilimfungia njia mama yangu.

Sasa nikueleze korongo. Kati ya kwetu na zahanati kulikuwa na korongo ambalo kiangazi ni njia ya mchanga ya kuchezea, na masika ni mto wenye hasira za kuazima. Mvua inanyesha milimani, kwetu jua linawaka, halafu unasikia mngurumo, na maji mekundu yanashuka yamebeba magogo. Yakishuka asubuhi, mara nyingi mchana yanapungua. Mara nyingine hayapungui. Mpango wa baba ulikuwa mama aende akakae kwa shangazi Kilosa mjini asubiri siku zake karibu na hospitali. Nguo zilikuwa tayari kwenye begi. Mtoto hakusubiri begi.

Nakumbuka nilikuwa naosha vyombo, mama yupo anachambua mchele, mara ungo ukamtoka mkononi. Mchele ukamwagika, kuku wakaja mbio wakifurahia msiba wetu. Bibi alitoka ndani, akamtazama mama usoni, akatazama upande wa korongo ambako mngurumo ulikuwa unasikika. Akamwambia baba, "Nenda kalinde maji. Yakipungua ya kuvukika, rudi mbio." Baba akaondoka na fimbo ya kupimia kina, na nadhani alishukuru kupewa kazi. Halafu bibi akanigeukia.

"Na wewe, fungua kila kitu kilichofungwa. Kila kitu, umesikia?"

Rafiki yangu, nilisikia. Hakuna mtoto aliyewahi kusikia vizuri kama nilivyosikia siku ile. Nilianza na milango na madirisha. Nikafunua vyungu, ndoo, mtungi wa maji, sufuria la mboga ya mchana. Nikafungua mizigo ya kuni, gunia la mbegu za mahindi, begi la nguo za Kilosa. Nikafungua kamba za viatu vya baba vya kanisani. Redio ya baba ilikuwa imefungwa mgongoni kwa mpira ili betri zisidondoke. Nikaufungua, betri zikadondoka, mtangazaji akakatika katikati ya neno. Nikamfungua jogoo aliyefungwa mguu akisubiri sikukuu. Nikafungua nywele zangu mwenyewe. Na nilipoona nyumbani hakuna tena cha kufungua, nikakumbuka mbuzi.

Wakati wa mazao mbuzi hawaachiwi. Kila mmoja alikuwa na kigingi chake na kamba yake, kule nyuma ya nyumba, maana shamba la jirani lilianza pale pale na kati yetu hakuna ua. Nikawafungua wote. Beberu alinitazama kana kwamba haamini bahati yake.

Hapa lazima umjue jirani. Jirani yetu alikuwa mwanamke mwenye mikono minene na sauti ya kuita ng'ambo. Babu yake aliletwa kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge enzi hizo, na wao wakabaki, wakawa wakulima kama sisi. Alijua kusuka kamba za mkonge na alijua kusuka nywele, na kwa kichwa cha mama yangu hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Walikuwa mashoga wa kukopeshana mpaka chumvi. Kisha mbuzi wetu akala mchicha wake, bustani nzima aliyokuwa anaitegemea kwa gulio. Alikuja akasema maneno, mama akajibu maneno, na katika kujibu mama akamwambia, "Nyie watu wa kambi mnajua nini kuhusu mifugo?"

Watu wa kambi. Kwa mgeni ni neno dogo. Kwetu maana yake nyie si wa hapa, mlikuja na mabegi, mlilala kwenye mabanda ya kampuni. Yule jirani alizaliwa pale Kisanga, na mama yake alizaliwa pale pale. Aligeuka akaondoka, na kuanzia siku hiyo alipita uani kwetu kama anapita kwenye uwanja mtupu. Mama alimaliza ujauzito wake na nywele za kujifungia kitambaa, kwa sababu hakutaka msusi mwingine na hakutaka kuomba radhi.

Basi turudi kwenye uchungu. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya dirisha la bibi, kwa nje, maana watoto hatukuruhusiwa ndani. Nilimsikia bibi anaimba taratibu wimbo wa kanisani usio na maneno, na nilimsikia mama. Mwanzoni mama aliguna tu. Jua lilipopanda alianza kuita. Na kisha, kitu kilichonitisha kuliko vyote, alianza kusema amechoka.

"Mama, siwezi. Nguvu zimeisha."

"Unaweza. Shika nguzo."

"Mikono inateleza. Nishike."

"Nakushika mwanangu, lakini mimi mzee, unaniangusha na mimi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Bibi alihitaji mtu wa nyuma, yule wa kutoa mapaja yake awe kiti, na mtu huyo hakuwepo. Shangazi alikuwa Kilosa, wanawake wengine ng'ambo ya korongo kwenye mpunga. Yule mwenye nguvu za kutosha, kwa karibu, alikuwa mmoja tu, na huyo tulikuwa hatusalimiani naye.

Ndipo nikasikia sauti ya kuita ng'ambo.

"Leo ndiyo leo! Leo hata kama mna mganga, leo mtanitambua! Mbuzi! Mbuzi wote! Mpaka beberu!"

Jirani alikuwa anakuja, kanga amejifunga kifuani kwa hasira, amemkamata beberu kwa pembe kwa sababu kamba hakuiona, na beberu ana jani la mchicha limening'inia mdomoni kama ushahidi. Mbuzi wengine wanamfuata nyuma, wameshiba, wametulia. Akapita uani kama upepo, akafika mlango wa bibi uliokuwa wazi, akajaza kifua hewa. Na bibi akatokeza kichwa.

Sasa wewe ni mtu wa kwetu, unajua. Ugomvi ni ugomvi, lakini mkubwa ni mkubwa. Ile hewa yote aliyoikusanya jirani kwa ajili ya matusi ikamtoka kwa neno moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kugomba?"

"Ndiyo mama."

"Vizuri. Gomba ukiwa umemshika huyu kiunoni. Mimi mikono imekwisha."

Jirani alichungulia ndani. Sikuona uso wake, niliona tu mkono ukimwachia beberu. "Bismillahi," akasema, akavua kandambili, akaingia.

Kwa muda nilisikia mpumuo tu na miguu ikijipanga. Kisha mama, kwa sauti ya kulia: "Umekuja kunicheka."

"Nimekuja kwa ajili ya mchicha wangu. Kaa hapa. Kaa na uzito wote, mimi si kiti cha kuazima."

"Nisamehe lile neno."

"Neno gani?"

"La kambi."

Kisha nikamsikia jirani akivuta pumzi, na sauti yake ilipotoka ilikuwa na maji maji ndani yake.

"Mbona kichwa chako kimefungwa kitambaa? Mama, huyu mmemfungua kila kitu mkaacha nywele?"

"Hajasuka," bibi akasema. "Alisema msusi wake kasafiri."

"Msusi gani kasafiri, nipo hapo kwenye mchicha siku zote! Lete kichwa." Nikasikia kitambaa kinavutwa. "Haya. Sukuma sasa. Kambi tutaizungumza baadaye, nina mengi ya kusema. Sukuma, shoga yangu, sukuma!"

Mama akacheka. Nakuapia alicheka, kicheko kilichogeuka kuwa ukelele mrefu, na mwisho wa ukelele ule kulikuwa na sauti nyingine, ndogo, ya kukwaruza, yenye malalamiko. Mdogo wangu. Jirani akapiga kigelegele kilichowafanya mbuzi waruke.

Laiti ningeweza kukuambia kisa kinaishia hapo. Mimi nilishaanza kucheza uani peke yangu. Lakini nilisikia wimbo wa bibi umekatika. Nilijua nyimbo zake, hazikukatika pale. Nikasimama dirishani, hakuna aliyenifukuza. Bibi alikuwa amepiga magoti mbele ya mama, anamkandamiza tumbo kwa viganja vyote viwili, na uso wake ulikuwa ule wa siku ya mbaazi. Kanga iliyokuwa chini haikuwa tena na rangi yake. Mama alikuwa amelegea kwenye kifua cha jirani, midomo imekuwa myeupe.

Bibi hakupiga kelele. Alimweka mtoto kwenye ziwa la mama anyonye, akaendelea kukandamiza, akasema polepole, kama anayeweka mzigo chini:

"Mimi nimefika mwisho wa kazi yangu. Huyu sasa ni wa sindano. Simwachi kama nilivyomwacha mdogo wangu."

Na hapo hapo, kama ameitwa, baba akatokea mbio, suruali imelowa mpaka kiunoni, na wanaume watatu nyuma yake. Maji yamepungua. Yanafika kiunoni. Yanavukika.

"Machela!" bibi akaita. "Fungeni machela! Funga, mjukuu wangu, sasa ndiyo kufunga!"

Fikiria, kamba zote za nyumba ile zilikuwa uani zimefunguliwa, zimetawanyika, zinasubiri. Kamba za kuni, kamba za mbuzi, hata mpira wa redio. Nilikimbia nikazikusanya kwa mikono miwili. Wanaume wakaleta miti miwili na blanketi, wakaanza kuhangaika na mafundo, na fundo la kwanza likateleza. Jirani akatoka, mikono yake ina damu ya mama, akamsukuma baba pembeni.

"Toa hapa. Hilo fundo la kufungia kuku. Hivi ndivyo watu wetu walivyokuwa wanafunga kambini."

Alisema mwenyewe, kambini, bila kusita. Akapitisha kamba chini, akaizungusha mara mbili, akaikaza kwa meno. Blanketi likakaza kama ngoma. Wakamlaza mama, wakainua, na hakuna kilichoteleza.

Njia ya kwenda korongoni naikumbuka vipande vipande. Bibi anatembea pembeni ya machela, mkono mmoja haujatoka tumboni kwa mama. Jirani amembeba mdogo wangu kifuani ndani ya kanga, na mimi ananivuta kwa mkono. Majini alinichukua mgongoni. Nilikuwa nimeweka shavu langu kwenye shingo yake, ananukia mafuta ya nazi, jasho na mchicha. Maji mekundu yalifika kiunoni mwake na yalikuwa baridi kwenye miguu yangu. Mbele yetu machela ilipita juu ya mabega ya wanaume. Niliyatazama yale mafundo mpaka ng'ambo. Sikuyaondolea macho. Nilidhani nikipepesa yatafunguka.

Zahanati ilikuwa vyumba viwili na nesi mmoja aliyekuwa anajiandaa kufunga. Hakuuliza mengi. Alimchoma mama sindano ya paja, akamtundikia maji, akaendelea kukandamiza pale pale bibi alipokuwa anakandamiza, na kwa muda walikuwa wawili, mwenye gauni jeupe na mwenye kanga, mikono inapokezana juu ya tumbo moja. Damu ikapungua. Kisha ikasimama. Bibi akakaa kwenye benchi la nje, akaegemea ukuta, akaangalia viganja vyake kama vitu vilivyorudishwa na mtu aliyeviazima.

Nesi alipotoka kunawa alimwambia, "Mama, mmemleta kwa wakati."

Bibi akamjibu, "Mimi nafungua tu, mwanangu. Kufunga ni wewe. Mungu akubariki."

Mama alirudi nyumbani amekonda, amesukwa. Jirani alimsukia kitandani kule kule zahanati. Mdogo wangu alipewa jina la babu, lakini jirani hajawahi kulitumia. Anamwita Mchicha. Kijana sasa ana ndevu, anaendesha bodaboda Kilosa, na akifika Kisanga anasikia ng'ambo ya shamba, "Mchicha! Lini utanipandia bustani yangu?" Na ile habari ya kambi waliizungumza, kama alivyoahidi. Niliwakuta mara nyingi, kichwa cha mmoja kwenye mapaja ya mwingine, anamsimulia mabanda ya mkonge, jinsi bibi yake alivyozaa huko watoto wake wa kwanza kati ya wanawake wa makabila saba tofauti wasioelewana lugha, wameshikana viuno. Mama alisikiliza. Nadhani ndiyo ilikuwa namna yake ya kuendelea kuomba radhi.

Mengi yameondoka. Korongo lina daraja sasa, na siku nilipopita juu yake kwa mara ya kwanza nilimwomba dereva asimame, nikalibusu lile zege, abiria wakacheka. Sililii korongo. Chumba cha udongo kimebomoka, majani makavu na harufu ya ufuta vimekwenda nacho. Bibi naye amekwenda. Miaka yake ya mwisho hakuzalisha tena, aliwasindikiza tu mpaka mlangoni kwa nesi, anarudi nyumbani, na ukimpitia unamkuta anafungua fungua vitu uani, taratibu, kwa ajili ya mtu aliyeko hospitali. Ninachokikosa ni hicho. Kijiji kizima kuwa na uchungu mmoja. Siku hizi mtu anajifungua, wenzake wanaona kwenye simu.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nawaza pale Mikumi, nusu kichwa nimefumuliwa. Nilijifungua mchana, mtoto wa kike, analalamika kama mjomba wake. Kabla hata sijamwona vizuri nikahisi kitu kimenichoma pajani.

"Nini hiyo?" nikauliza.

"Sindano tu, dada. Ya kuzuia damu. Kila mzazi tunamchoma."

Kila mzazi. Hivi hivi, bila machela, bila mtu kuomba. Ile sindano tuliyoivukia maji mekundu, ambayo mdogo wa bibi hakuiona maishani mwake, nilichomwa nikiwa namtazama mwanangu. Nililia mpaka nesi akaniuliza kama imeuma sana. Nikamwambia haijauma hata kidogo.

Mama aliporuhusiwa kuingia alikuwa na simu sikioni, na hata mimi kitandani niliisikia ile sauti ya kuita ng'ambo.

"Mwambie huyo mtoto nimewafungua mbuzi wenu wote tangu asubuhi! Bustani wamemaliza! Hana hata jino, mchicha wangu keshaumaliza!"

Mama akacheka kicheko kile kile nilichokisikia chini ya dirisha, kicheko ambacho ilibaki kidogo tusikisikie tena. Akamchukua mwanangu, akamweka kifuani kwangu, akazungusha kanga, na kwa vidole vyake vigumu akapiga fundo begani. Akalivuta kulijaribu. Akalivuta tena.

"Hapa," akasema, "ndipo pa kufunga."